Kiganja Changu Chini ya Bati

Juzi, huku Mikelenge, nilimwona kijana akifunga bati la kuzuia tope juu ya gurudumu la baiskeli. Alipoingiza vidole chini yake kupima nafasi, nilisimama kama mtu aliyeitwa.

Wakati wa vita treni ilikuwa imenyamaza, na baba, fundi wa reli, alijiandaa kusukuma baiskeli yenye gunia la chumvi hadi Kibombo, akaibadilishe kwa chakula. Ua wetu ulinuka mvua na mawese aliyopaka mnyororo.

"Toa bati yote!" jirani alicheka. "Tope itajaa pale, gurudumu itakwama, utabeba baiskeli mugongoni kama mutoto!"

"Na chumvi ikilowa, tutakula nini?" mama aliuliza.

Baba aliwaza. Bati la mbele akaling'oa. La nyuma akaliinua kwa waya, kisha akaniita mimi, binti yake mdogo, kwa jina alilozoea kunibembelezea, "Mama, leta mukono." Akakilaza kiganja changu kati ya tairi na bati, akakaza waya taratibu. "Sasa tope iko na njia."

Maneno ya tope hayakuniingia. Niliamini mkono wangu umewekwa pale ili umrudishe nyumbani, kwa hiyo siku zote alizokuwa njiani sikuthubutu kumpiga mtu nao wala kudokoa sukari.

Alirudi na mchele, tope hadi kiunoni.

Leo naelewa: tope lilihitaji nafasi ya kupita, na chumvi ilihitaji kubaki kavu. Vidole vyake mwenyewe vingetosha kupima nafasi hiyo. Lakini aliniita mimi.