Niliyakataa Mafiga Matatu

Katika jumuiya yetu ya Makanyagio, anayetaka kuwa msimamizi wa ubatizo huulizwa imani yake mbele ya majirani kabla jina lake halijapelekwa parokiani. Swali halibadiliki, na jibu pia halibadiliki. Mwenyekiti huuliza inawezekanaje Mungu mmoja awe nafsi tatu, nawe unajibu, "Mafiga matatu, chungu kimoja." Watu hupiga makofi, kisha chakula huletwa. Nimelisikia jibu hilo tangu nikibebwa mgongoni. Zamu yangu ilipofika, nililikataa.

Tulikutana uani kwa dada yangu, kwa kuwa mtoto alikuwa wake, binti yake wa kwanza, na mimi, mama yake mdogo, ndiye niliyeombwa kumsimamia. Nilikuwa nimemaliza chuo, ambako pamoja na mengine nilifundishwa mantiki. Maharage ya wageni yalichemka karibu na mikeka yetu, juu ya mafiga halisi. Mwenyekiti, mama mtu mzima aliyenifundisha kufanya ishara ya msalaba, aliuliza swali lake akitabasamu, kwa hakika ya jibu atakalolipata.

"Mama, naomba nisitumie mafiga," nilisema.

"Kwa nini tena, mwanangu?"

"Kwa sababu yale ni mawe matatu. Kilicho kimoja ni chungu, na chungu si figa. Tukijibu hivyo tunafundisha miungu mitatu iliyobeba kitu cha nne."

"Basi sema maji, barafu na mvuke," alinisaidia mama mmoja kutoka mkeka wa nyuma.

"Hapo Mungu anabadilisha sura tu. Yesu alipomwomba Baba bustanini, alikuwa anajiomba mwenyewe?"

Shemeji yangu, mume wa dada, ambaye watu wake walihamia huku na ng'ombe kutoka kaskazini na ambaye mwenyewe hajabatizwa, alishindwa kujizuia. "Hesabu zenu nyie zinanishinda! Mimi nirudi nyumbani na ng'ombe mmoja, nimwambie baba huyu ndiye wote watatu, si nitakula fimbo?"

Ua mzima ulicheka. Mimi sikucheka.

"Shemeji, umegusa penyewe. Ng'ombe watatu wote ni ng'ombe sawasawa, na bado ni watatu. Kwa hiyo haitoshi kusema Baba, Mwana na Roho wote ni Mungu sawasawa. Na tukisema kila mmoja ndiye yuleyule, bila tofauti yoyote, basi Baba ndiye Mwana, na Kanisa linakataa."

"Kwa hiyo unasema ni uongo?" Mwenyekiti hakuwa akitabasamu tena.

"Hapana, mama. Nasadiki kwamba Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho ni Mungu, na Mungu ni mmoja. Hakuna aliyewahi kunithibitishia kwamba hayo hayawezi kukaa pamoja. Huenda umoja wa Mungu si wa kuhesabiwa kama ng'ombe. Lakini jinsi yanavyokaa pamoja sijaiona, na sitamwambia mtoto kwamba nimeiona."

"Mtoto hasimamiwi na 'huenda'," akasema Mwenyekiti.

Dada alinivuta hadi kwenye moto wa maharage. "Mdogo wangu, nakuomba. Sema tu mafiga, mtoto abatizwe, watu wapate kula."

"Dada, nitaahidi mbele ya altare kumsaidia mwanao kuijua imani. Nianze na jibu ninalojua ni bovu?"

"Umesoma mpaka umekuwa jiwe," alisema, akainama kupunguza kuni.

Jina langu halikupelekwa. Mama wa nyumba ya pili aliulizwa, akajibu mafiga, akapigiwa makofi. Nilibaki nikapakua maharage, nikanawisha wageni mikono, kwa sababu sikutaka mtu adhani nimekimbia. Iliniuma. Inaniuma hadi leo nikimwona mwanamke yule akimbeba mtoto niliyeombwa kumsimamia mimi.

Siku ya ubatizo nilisimama nyuma ya wazazi. Padri aliuliza kama tunamsadiki Baba, kisha Mwana, kisha Roho Mtakatifu. Hakuuliza habari za mafiga wala za barafu. Kila alipouliza nilijibu "Nasadiki" kwa sauti iliyoifunika ya msimamizi mwenyewe. Mwenyekiti aligeuka kunitazama. Sikuinamisha uso.

Jumuiya inaamini kwamba chuo kiliniharibia imani. Mimi naona kwamba anayeamini jambo ni la kweli haoni haya kulikagua, na kwamba mfano mbovu ni matusi kwa Mungu hata ukishangiliwa na ua mzima. Kama siku moja nitaonyeshwa kwamba fundisho hili linajipinga, nitasema hivyo hadharani, palepale kwenye mikeka. Bado sijaonyeshwa.

Mtoto sasa anatembea, na ameanza kuuliza kila kitu kinaitwaje. Dada amenionya nisimchanganye. Nimemwahidi kwamba sitalianzisha mimi suala hilo. Lakini siku atakayoniuliza mtoto mwenyewe, nitamjibu.