Mchanga Ndani ya Lori Jekundu

Harufu ya risasi ya kuungia nyaya inapoyeyuka haifanani na nyingine. Inachoma pua kidogo, kisha inaacha utamu wa ajabu, kama utomvu uliodondokea makaa. Ninashinda nayo hapa Mikumi, kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu na redio kando ya barabara kuu, na siku nyingi wala siisikii. Lakini ziko asubuhi ambazo moshi wa kwanza ukinipanda puani najikuta kijijini kwetu Masanze, nyuma ya jiko la mama, mtoto wa darasa la tano mwenye msumari wa moto mkononi na hasira kifuani. Msidhani nawasimulia hasira iliyokwisha. Ipo. Nimeizoea tu.

Baba alikuwa utingo wa malori. Alikuja nyumbani kwa nadra, na shati lake lilinuka dizeli, nasi tuliipenda harufu hiyo. Safari moja alirudi na lori la kuchezea, jekundu, aliloliokota kwenye rundo la mitumba gulioni. Mlango mmoja haukuwepo, na antena ya rimoti ilikuwa imekatika, mwenye nalo wa zamani akaunga kipande cha waya. Lakini ukibonyeza lilikwenda lenyewe, likilia kama nyuki aliyefungiwa koponi. Watoto wa jirani walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena.

"Hili ni la Mwanaidi," baba alisema, watu wote wakisikia. Kisha akaniahidi kwamba shule zikifungwa angenichukua nikakae naye Mikumi, nione malori ya kweli yakipita. Kulipokucha akaondoka.

Tuliishi ua mmoja na kaka yake, baba mkubwa Sefu, na katika ua ule neno lake lilikuwa la mwisho. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikohoa tu, na hata kuku walionekana kujirekebisha. Alinitazama nikiliendesha lori langu kuzunguka kinu, akasema taratibu, "Gari ni mchezo wa kiume. Mpe Hamadi." Hamadi alikuwa mwanawe, rika langu. Nikampa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mkubwa hakosei, hukosewa.

Hata wiki haikuisha, lori likafa. Hamadi alilileta mbele ya baba yake, limekaa mikononi mwake kama kifaranga kilichokufa, akasema, "Mwanaidi kaliharibu. Alilifungua kwa kisu."

Kisu ni kweli. Siku ile ile baba alipolileta nilikuwa nimefungua kifuniko cha betri kwa ncha ya kisu, nipaone anapokaa yule nyuki, na ua mzima uliniona. Lakini nililifunga, likaendelea kwenda siku zote zile. Nikasema hivyo. Baba mkubwa akakohoa.

"Ijumaa, baada ya sala, wazee wakiwa wamekaa, utapiga magoti umwombe kaka yako msamaha. Usipoomba, Mikumi huendi."

Nilimtazama mama. Alikuwa anapepeta mchele, na ungo haukusimama.

Usiku ule nililia, sitaficha. Asubuhi machozi yalikuwa yamekauka na kitu kigumu kimebaki mahali pake. Hamadi alikuwa amelitupa lori nyuma ya banda la mbuzi, kwa kuwa lililokufa si mchezo wa kiume wala wa kike. Nikaliokota. Nilitaka kujua limekufa kwa ugonjwa gani.

Nilianza na betri. Nikazitia kwenye tochi ya mama, tochi ikawaka vizuri. Basi si betri. Nikaiendea rimoti, na hapo nilikwama, maana rimoti haisemi kama ni nzima au ni mgonjwa. Aliyenikwamua ni redio ya bibi. Nilikuwa nimeketi karibu naye akisikiliza taarifa ya habari, nikawa naibonyeza rimoti kwa uchungu tu, na kila nilipobonyeza redio ikafanya krrr, krrr. Bibi akanifokea kwa lugha ya nyumbani kwamba nawakanyaga watu wanaosema. Mimi nilitamani kumbusu. Rimoti ilikuwa inapiga kelele, ila lori halikuisikia. Ugonjwa ulikuwa ndani ya lori.

Nilisugua ncha ya msumari kwenye jiwe mpaka ikaingia kwenye skrubu, kazi iliyonitoa malengelenge. Mwili wa lori ulipofunguka, kitu kikamwagika mapajani mwangu. Mchanga. Mchanga mweupe laini wenye chembe zinazometameta, si udongo mwekundu wa uani kwetu. Mchanga wa namna ile unatoka mtoni, na mtoni mimi sikuwahi kulipeleka.

Niliukusanya wote, chembe kwa chembe, nikaufunga kwenye pindo la khanga kuukuu.

Ningeweza kuishia hapo, kwa kuwa ushahidi nilikuwa nao. Lakini nililitaka lizungumze lenyewe. Niligusisha nyaya za mota moja kwa moja kwenye betri, ikanguruma bila kuzunguka. Nikasafisha meno yake kwa mswaki mchakavu na mafuta ya taa, ikazunguka. Nikarudisha nyaya mahali pake, nikabonyeza rimoti, kimya. Nilirudi nyuma hatua moja, nikafuata waya kama unavyofuata nyayo za mbuzi aliyepotea, kutoka kwenye betri mpaka kwenye swichi ya kuwashia. Swichi ilikuwa imeota kutu ya kijani. Umeme ulifika mlangoni ukakuta pamefungwa.

Nikaikata ile swichi, nikaunganisha nyaya mbili bila hiyo. Risasi ya kuziunga niliikwangua kwenye mzoga wa redio jalalani, nikaiyeyusha kwa msumari niliouchoma kwenye makaa ya jiko. Mama alipita na sufuria, akaona, akasogeza makaa yaliyoiva karibu na mkono wangu, akaenda zake.

Nilipobonyeza, lori lilikwenda. Kukata kulia lilikataa katakata, na mpaka leo sijui kwa nini. Lakini lilikwenda.

Ijumaa wazee walikaa kwenye mkeka, vikombe vya kahawa mbele yao. Hamadi alisimama pembeni ya baba yake. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba.

"Haya," alisema baba mkubwa, "tunakusikiliza."

Sikupiga magoti. Nililiweka lori chini nikabonyeza. Likaruka kwenye mkeka, likakata kushoto, na mzee mmoja akainua miguu yote miwili kwa pamoja na kahawa yake mkononi. Kisha nikafungua pindo la khanga, nikamwaga mchanga kwenye sahani tupu.

"Huu ulikuwa ndani yake. Ni mchanga wa mtoni. Mimi sijalipeleka mtoni."

Hamadi aliinama. Yule mzee alichukua chembe kwa kidole, akaisugua, akasema, "Kweli, huu ni wa mtoni." Nikamtazama baba mkubwa, nikiwa na hakika kwamba sasa mambo yamekwisha.

"Sawa," alisema bila kubadilisha sauti. "Basi omba msamaha kwa kubishana na wakubwa. Na gari libaki la Hamadi."

"Baba mkubwa, nakuheshimu," nikasema. "Ila siombi."

Nikaliinua lori, nikaushika ule muungo wa nyaya nilioutengeneza, nikauvuta mpaka ukakatika. Nikamkabidhi Hamadi. "Hili hapa, kama ulivyoliacha."

Baba mkubwa alianza kunyanyuka. Hapo ndipo mama alipotoka jikoni, akaja kusimama mbele yangu, mikono yake ina unga.

"Shemeji," alisema, "mtoto hataomba."

Hayo tu. Baba mkubwa akaketi tena, taratibu, kama mtu aliyesahau alichotaka kukifuata.

Likizo ile Mikumi sikwenda. Baba alipokuja alisikiliza, akashika kichwa, akasema hawezi kuvunja neno la kaka yake. Nilimwelewa nusu tu. Hamadi naye alinifuata nyuma ya jiko mara nyingi, "Mwana, nifungie nyaya." Nami kila mara nikamjibu, "Mwambie baba yako kwanza." Alichukua msimu mzima wa mahindi kupata ujasiri, lakini alimwambia, tena wakati wa chakula, sisi sote tukisikia. Baba mkubwa akatafuna, akameza, akasema, "Kula." Kesho yake nilifunga zile nyaya, na tukaliendesha wawili.

Nilipokuwa mkubwa Hamadi alinieleza jambo nililokuwa silijui. Siku ile ya mtoni baba yake alimkuta ukingoni, lori likimwaga maji. Baba mkubwa alijua ukweli tangu mwanzo. Mimi na mchanga wangu tulikuwa tunamthibitishia mtu kitu alichokiona kwa macho. Hakuwa anatafuta aliyeharibu lori. Alitaka goti langu liguse ardhi lingali laini.

Na mama je? Mwaka ule baba mkubwa alimpa kulima shamba la mbali, lenye mawe, na mke wa baba mkubwa hakuchota naye maji mpaka masika. Hakulalamika, nami kwa utoto wangu nilidhani mambo yamekwenda hivyo tu. Juzijuzi nilimuuliza kwa nini alikubali kulipia lori bovu la mtumba kwa gharama ile.

Alicheka, akanitazama kama ananionea huruma.

"Wewe ulikuwa unakataa la lori, mwanangu," alisema. "Mimi siku ile nilikuwa nakataa yote."