Usingizi Kwenye Kochi la Mteja

Mtanicheka, na mna haki. Nauza chai ya mitishamba ya kuleta usingizi, na ofisi yangu ni sebule yangu. Kanuni za biashara nilijifunza mwenyewe vitabuni; ya kwanza ni kutomdanganya mteja.

Juzi Mama Komba wa Msamala aliwaalika majirani zake waje kwake kuionja. Nilifika kabla yao. Akanipa kikombe cha maji ya kunywa, akaenda jikoni kuchemsha ya chai. Manyunyu yalinong'ona kwenye bati, kochi likanimeza polepole. Nikajiona naelea juu ya ukungu wa milima ya Matogoro, na chini yangu mji mzima unapumua taratibu.

Nilipofumbua macho, akina mama walikuwa wamenizunguka, nami nimekumbatia kikombe kitupu.

"Jamani, chai yenyewe ndiyo hii? Imemlaza hata muuzaji!"

"Mie nataka pakiti mbili. Mume wangu anakesha na simu."

Ningesema ukweli pale pale. Badala yake nikajinyoosha kitaalamu: "Mmeona wenyewe. Kikombe kimoja tu."

Mama Komba akatokea jikoni na birika.

"Utusamehe, baba, mkaa ulikuwa na unyevu. Maji ndiyo kwanza yamechemka. Haya, tupe hiyo chai yako."