Mke wa Kwanza Arudi Nyumbani

Vumbi likipata moto nyuma ya televisheni ya zamani lina harufu yake, na mimi bado naijua. Juzi binti zangu walikuwa wamekumbatiana mbele ya tamthilia ya jumba lenye mizimu, marehemu akizunguka ukumbini na mshumaa, wakaniambia eti mambo haya ni mapya. Mapya! Nilicheka mpaka wakanuna. Sisi tuliyaona Garissa, tena kwa nyeusi na nyeupe, televisheni ikiendeshwa na betri ya gari.

Ilikuwa ya Mwalimu Mutua, mtu wa Ukambani aliyeletwa kufundisha shuleni kwetu. Kila Alhamisi baada ya magharibi mkewe, Mama Kioko, alitandika mkeka na majirani tukajaa sebuleni. Michezo yenyewe ilikuwa maskini. Jumba la kifahari lilikuwa la mbao na karatasi. Mlango ukibamizwa, ukuta mzima unatikisika. Radi ilikuwa bati, na sisi tunaolala chini ya mabati tuliitambua mara moja. Hata hivyo tuliogopa vizuri tu. Chumba kilichofungwa, picha inayokodoa macho, kilio kwenye upepo: vyote wanavyovishangaa binti zangu vilikuwamo.

Mwaka mmoja mchezo ulikuwa wa mke aliyekufa, mumewe akaoa mwingine. Marehemu akawa anarudi, amevaa shuka jeupe, na kila wiki alimsogeza mke mpya karibu zaidi na mlango. Wenzangu walishangilia afukuzwe. Mimi sikuweza kushangilia.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na kwa desturi yetu baba akamwoa mdogo wa mama, ili nisilelewe na mgeni. Nilimwita Habaryar, yaani mama mdogo. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, akanifundisha sala, akanipulizia uji upoe. Sasa basi, nilimtaka mama arudi, nilimtaka mno, lakini kumbe akirudi, Habaryar atatupwa nje! Nilibeba hofu hiyo wiki nzima, hata maziwa ya ngamia yakanishinda.

Alhamisi iliyofuata marehemu alipotokea, macho ya watu yakamgeukia Habaryar. Mama Kioko aliona haya, akainuka kuzima.

"Wacha tu, Mama Kioko, usisime," Habaryar alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Iko nini fibaya? Huyo mwanamke anarudi kwa nyumba yake. Mimi nabenda kuona."

Akatazama hadi mwisho, shavu mkononi.

Njiani kurudi nyumbani nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa Kisomali, "Mama akirudi, wewe utaenda wapi?"

"Niende wapi?" alisema. "Nitamtilia chai ya iliki. Nitamwambia, dada yangu, mbona umekawia hivi? Mtoto wako huyu hapa, tazama alivyokua."

Kisha akajifunika uso kwa shashi yake ya kichwani, akaongeza mwendo, nami nikimkimbilia nyuma. Nilidhani nimemuudhi. Lakini nililala usingizi mtamu, maana nyumba yetu sasa iliwatosha wote wawili.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikajifungua binti wangu wa kwanza. Habaryar ndiye aliyempokea. Kabla hatujazungumza habari ya jina, alimwinamia na kumwita kwa jina la mama yangu, mara moja, polepole, jinsi mtu anavyomwita aliye chumba cha pili. Halafu akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, na alilia kama aliyekuwa akingoja zamu yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku zote za utoto wangu nilijiona mfiwa pekee katika nyumba ile. Watu walinipapasa kichwa, wakanipa tende, wakaniombea. Yeye aliingia msibani kwa dada yake akapewa mtoto na jiko, na hakuna aliyekumbuka kumpa pole.

Nilimshika mkono, nikampa pole.