Siku Niliyowaua Askari wa Mihogo Yangu

Nichekeni kwanza mmalize, maana hata mimi nikikumbuka lile beseni la maji ya sabuni uso unaniwaka moto, ingawa (na hili msilisahau) mihogo yangu bado imesimama hapa hapa Birmingham, ndani ya banda la vioo kule Kings Heath, majani yamekunjuka kama viganja, na anayebisha aje aone.

Mimi kazi yangu ni kuchambua taka kiwandani Tyseley, na shule yangu iliishia kidato cha pili, Muheza, lakini ndoto sijawahi kupungukiwa. Nilitaka Shangazi Mwanahawa, aliyenipokea kwake Newtown nikiwa sina hata koti, apike kisamvu kibichi alichochuma kwa mkono wake, si kile cha friza kilichoganda kama tofali. Nikapata vijiti vitano vya muhogo kwa Mkongomani mmoja aliyekuwa akiotesha sebuleni, nikavipanda kwenye madumu, na Mama Harbans, Singasinga mzaliwa wa Kisumu mwenye kijibustani cha kukodi jirani na changu, akaniombea nafasi kwenye banda la vioo linalotumiwa na wote. "Huyu kijana ni wangu," aliwaambia wenzetu wa bustani. Mnaona uzito wake?

Basi vikaja vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama vimepakwa unga, vikajazana kwenye vichipukizi mpaka majani ya juu yakajikunja kama ngumi. Nikakata vilele, nikaosha kwa maji ya sabuni, wapi! Bwana Colin, mwenyekiti wa bustani, akazihofia nyanya zake, akatoa neno: siku ya kukaribisha wageni atakagua, akikuta vidung'ata bado vipo, mihogo yote inang'olewa.

Mama Harbans akanishauri ninunue wadudu wanaokula wadudu. Wakaja kwa posta, ndani ya kikopo, mbawakawa wadogo weusi wenye vichwa vya rangi ya chungwa, pamoja na karatasi ya maelezo, na hapo ndipo nilipojikwaa, jamani, kwa jambo dogo kuliko yote: karatasi ilikuwa ya Kiingereza, meza ya madumu ilikuwa inayumba, nikaikunja ile karatasi mara nne nikaichomeka chini ya mguu wa meza. Ikatulia tuli! Nikajisifu hata, nikawafungulia mbawakawa juu ya majani.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi ya wageni nafika, nakuta nini? Madudu meupe, yana manyoya, makubwa kushinda vidung'ata, yanatembea juu ya mihogo yangu kama yameirithi. Nikajua vidung'ata vimenenepa. (Akili yangu iliniambia vimewala wale mbawakawa, ndiyo maana vimeshiba.) Na Bwana Colin anakuja saa sita.

Mwenye busara angeuliza. Mimi nikaita watoto wa wageni, nikawapa vitambaa na beseni la sabuni, nikatangaza, "Anayeua kumi, bagia moja ya Shangazi!" Hee! Banda likajaa vidole, na mimi nimepanda juu ya kreti nawahutubia wazazi wao namna sisi watu wa Muheza tunavyoulinda muhogo, kifua mbele, Shangazi kakaa kwenye kiti chake pembeni ananipigia makofi, "Sema mwanangu, sema!"

Mama Harbans akaingia na birika la chai. Akatazama kitambaa cha mtoto mmoja. Birika akaliweka chini.

"Wacheni! Wacheni nyote! Kijana, karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani, mama?"

"Ile ilikuja na wadudu."

Macho yangu yakaenda yenyewe kwenye mguu wa meza, ya kwake yakafuata. Akapiga magoti yake mabovu, akaichomoa, meza ikayumba, dumu moja likapinduka na kunimwagia udongo viatuni, naye akaikunjua karatasi mbele ya umati. Nilishajiandaa kusingizia Kiingereza. Kumbe ilikuwa na picha. Picha, jamani! Ya rangi, kubwa, dude lile lile jeupe lenye manyoya.

"Hawa ni watoto wa wale mbawakawa," akasema polepole. "Watoto wa askari wako. Wanafanana na adui, lakini kazi yao ni kumla. Na wewe umewaua na sabuni."

Kasichana kamoja kakaniuliza, kwa Kiingereza chao cha hapa, kama tumeua wale wazuri. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, na wangu pia. Ndipo Bwana Colin akaingia.

Ningeweza kudanganya. Lakini kuna mtu alisema mimi ni wake, naye alikuwa bado amepiga magoti pale chini, basi nikaeleza yote, mpaka mguu wa meza. Watu walicheka wakashikana mabega. Shangazi akajifunika uso kwa mtandio. Bwana Colin hakucheka, alihesabu madumu.

"Mihogo ilikuwa mitano," akasema. "Wa tano uko wapi?"

Tukageuka wote. Shangazi akainuka kitini, akasogeza mifuko yake ya bagia, na nyuma yake ukaonekana muhogo mdogo kuliko yote, ambao hakuna mtoto aliyeufikia. Madudu meupe yalikuwa yakitembea juu yake, kidung'ata hata kimoja hakuna, na kilele kimefunguka majani mapya. Bwana Colin alivaa miwani, akageuza jani baada ya jani, kisha akanung'unika, "Mwisho wa Septemba. Siongezi siku."

Wale wale watoto wauaji ndio waliowahamisha askari waliobaki, mmoja mmoja, kwa brashi laini ya rangi, wamebana pumzi. Bagia walipata, na Septemba Shangazi alichuma, akatwanga, akapika kwa nazi na karanga. Alikula amefumba macho. Bwana Colin aliongeza mara mbili, nikamhesabia.

Sasa nasoma kila karatasi, hata ya pakiti ya biskuti, na nisipoelewa nauliza. Na ile meza bado inayumba. Nimeiacha iyumbe.