Futi Kumi na Tatu

Kosa lilikuwa la mdomo wangu. Niliwasimulia majirani kwamba enzi za shule, kule Singida, nilikuwaga bingwa wa kuruka chini: unakimbia, unakanyaga mstari, unatua mchangani mbali uwezavyo. Basi kikundi chetu cha akina mama wa Temeke kilipowaalika wenzetu wa Kinondoni kwenye bonanza, jina langu likapelekwa bila kuulizwa. Nina miaka thelathini na minane na watoto wawili.

Warukaji tulikuwa wengi, na mpira wa pete ulikuwa unasubiri, kwa hiyo tuligawanywa kwenye mashimo mawili ya mchanga. Kwetu alipima mwalimu wa michezo, kwa mita. Kule kwingine alipima fundi ujenzi wa mtaani, mzee ambaye miaka yote hesabu zake ni za futi.

Nikakaza kilemba, nikavua raba, nikakimbia. Nilipokanyaga mstari nilisikia mwili ukinyanyuka kama zamani, kisha nikaanguka mchangani kwa makalio.

"Mita nne na sentimita tano!" mwalimu akasema.

Hakuna mwingine kwenye shimo letu aliyefika hapo. Lakini shimo la pili msusi mmoja wa Kinondoni, dada mrefu mwenye miguu ya twiga, aliruka na fundi akapaza sauti, "Futi kumi na tatu kamili!"

MC, kijana aliyeshika kipaza sauti, akakuna kichwa. "Futi tatu si ndiyo mita moja? Kumi na tatu gawanya kwa tatu... mita nne na thelathini na kitu. Kinondoni wamechukua!"

Wageni wakalipuka kwa vigelegele. Nami nikapiga makofi, ila moyo ukagoma. Kazi yangu ni kushona mapazia. Wateja hunitajia madirisha kwa futi, nami kitambaa nanunua kwa mita. Futi tatu haziifikii mita. Hupelea.

Nikamfuata MC. "Mdogo wangu, hesabu yako imezidisha."

"Dada, matokeo yameshatangazwa."

"Kushindwa sijakataa. Ila mwenzangu kapimwa kwa futi, mie kwa mita. Tuziweke zote kwenye sentimita kwanza, ndiyo tulinganishe."

Watu wakaanza kuguna. Mmoja akasema mama huyu hajui kushindwa, na uso ukanichoma. Nilitamani nirudi nikakae. Ndipo yule msusi akaja, jasho likimtiririka, nikajua sasa nitatukanwa.

"Hata mie nataka kujua," akasema. "Mzee, shikamoo. Tunaomba tepu yako."

"Marahaba." Fundi akaitoa mfukoni. Ukingo mmoja ulikuwa na futi na inchi, ukingo wa pili sentimita. Msusi mwenyewe akachuchumaa, akashika ncha chini. Fundi akaivuta hadi futi kumi na tatu, akaibana kwa kidole gumba.

"Haya, soma upande wa pili," nikamwambia MC.

Akapiga magoti. "Mia tatu... tisini na sita."

"Na yangu, mita nne na sentimita tano, ni sentimita ngapi?"

Akanyanyua macho. "Mia nne na tano."

Kisha MC akasimama, akavuta hewa na kupiga kelele, "Temekeeee!"

Sikumbuki nani aliniinua kwanza. Nakumbuka nikiwa juu ya mabega ya wanawake wenzangu, mchanga ukimwagika kutoka kwenye suruali yangu, na msusi akiwa chini yangu ameshika mkono wangu na kuunyoosha juu. "Sentimita tisa, dada!" akanipigia kelele huku anacheka. "Mwakani nakuja kuzidai!"

"Njoo!" nikamjibu.

Binti yangu mkubwa, ambaye asubuhi aligoma kukaa karibu nami akihofia nitamwaibisha, alikuwa amepanda juu ya benchi, anaruka na kumwambia kila mtu, hata wasiomuuliza, "Huyo mama yangu! Huyo ni mama yangu!"