Vihenge Nilivyojaza kwa Kalamu

Siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, nilikaa kwenye kigoda jikoni kwa mama, kule Ushirombo, nikajaza madaftari matatu ya utafiti huku nikitafuna karanga. Sikutoka nje wala sikumwuliza mtu. Nilipofunga daftari la mwisho nilijiona hodari kuliko wasichana wote wa Bukombe. Nakusimulia haya kwa sababu umenionyesha ile barua yako ya kituo cha utafiti, nami nimeona umeisoma aya ya posho mara mbili, ukairuka ile inayosema uende kwa nani ukikwama. Mimi nami niliiruka.

Enzi zetu, miaka ya sabini, kituo cha chuo kilikuwa vyumba vitatu tu nyuma ya maktaba. Mwalimu mwenye swali la utafiti alilipeleka pale likajadiliwa, akapewa wanafunzi wa kumsaidia, nauli zao, na barua za kuwatambulisha kwa wenyeviti wa vijiji. Mwanafunzi naye alipewa mwalimu wa kumshika mkono mpaka amalize kuandika kazi yake. Na katikati ya wote hao alikaa Bi. Tabu, mtunza madaftari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Bi. Tabu alisoma kila daftari lililotoka vijijini kabla mtu hajaruhusiwa kujumlisha chochote. Sisi wanafunzi tulimcheka. Tulidhani ni mwanamke asiye na kazi.

Mwalimu wangu, Dk. Lugendo, alikuwa anatafuta kujua kaya zina akiba gani ya chakula. Mvua zilikuwa zimekatika, na watu walikuwa wametoka tu kuhamia vijiji vipya, mbali na mashamba yao ya zamani. Nilipewa kijiji cha kwetu kwa kuwa najua lugha. Majina ya kaya thelathini yalichaguliwa kwa kura, na kazi yangu ilikuwa kuingia kila nyumba, kuuliza, na kuona kihenge, ghala la nafaka la nyumba, kwa macho yangu. Hilo la kuona kwa macho lilipigiwa mstari.

Kaya ishirini na saba nilizimaliza vizuri. Nilikwenda kwa baiskeli asubuhi na mapema, nikaamkia "mwangaluka", nikakaribishwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, nikaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Zikabaki tatu, zote za kitongoji kimoja. Nilipoyatazama yale majina, moyo ulinishuka. Moja lilikuwa la baba yake Kulwa, kijana aliyekuwa amenichumbia, na mawili ya ndugu zake.

Kwetu, mwanangu, binti aliyeposwa hakanyagi uwani kwa wakwe wala hali kwao mpaka siku anapopelekwa rasmi. Akikutana na baba mkwe njiani, anaiacha njia. Sasa mimi niingie na kalamu, nimwambie mama mkwe, "Nifunulie kihenge nione"? Mama yangu angezimia. Wangesema nimekwenda kupima utajiri wao kabla ya harusi. Heshima si utumwa, lakini siku ile ilinifunga kamba.

Basi nikajiambia kwamba mimi ni mzaliwa wa hapa. Nani asiyejua kihenge cha Msukuma kinakuwaje? Ukoo wa Kulwa ulisifika kwa ng'ombe na kwa kulima, kwa hiyo niliwajazia mtama nusu kihenge, michembe ya kufika masika, na milo miwili kwa siku. Niliwapa ukarimu mkubwa. Nikapanda basi hadi Kahama, nikaenda kukamata treni Isaka, nikarudi chuoni nikiwa sina wasiwasi.

Wiki mbili baadaye Bi. Tabu aliniita. Alikuwa ameyatenga madaftari yale matatu pembeni mwa meza.

"Kaa, binti," akasema. "Haya ishirini na saba, kila moja lina 'sijui' mahali fulani. Mama huyu hajui mtama utamfikisha mwezi gani. Mzee huyu hajui aliwagawia wanawe kiasi gani. Lakini haya matatu, kila mtu anajua kila kitu. Hawa ni watu gani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale mezani. Nikamweleza yote, machozi yakinidondoka kwenye blauzi. Nilitegemea aseme nimefukuzwa. Badala yake aliuliza kwa upole ulionichoma kuliko matusi.

"Na hili la wakwe, ulimwambia nani?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Mimi hukuniambia. Mwalimu wako hukumwambia. Basi sisi unadhani tumewekwa hapa kwa kazi gani?"

Nilidhani kituo kimewekwa ili kunikagua, kama vile mwalimu wa zamu anavyokagua kucha za watoto shuleni. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupeleka pale tatizo lake, tena la nyumbani kabisa kama lile, akasaidiwa.

Akamwita Dk. Lugendo. Huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Aliyafungua madaftari yangu taratibu, kisha akatoa kwenye mkoba wake ripoti iliyokwishapigwa chapa kwa haraka, bila kumngoja Bi. Tabu. Ilikuwa iende wilayani juma lile, maana wakubwa wa huko waliiomba iwasaidie kupanga vitongoji vya kupelekewa mahindi ya msaada kwanza.

"Kitongoji hiki nimekiweka mwisho," alisema. "Kwa sababu ya vihenge hivi."

Mwanangu, nimezaa, nimezika, lakini maneno yale bado nayasikia.

Ripoti ilizuiwa. Kituo kingeweza kuyatupa madaftari yale na kunitupa na mimi, ila hakikufanya hivyo. Kilinitafutia mwenzangu, Zuhura, mwanafunzi kutoka Nzega, ambaye Kinyamwezi chake na Kisukuma chetu vinasikilizana bila mkalimani, na hakuwa ameposwa na mtu wa kwetu. Kabla hatujaondoka Bi. Tabu aliniambia neno ambalo sikulielewa mpaka nilipofika: "Hata ungejikaza ukaingia wewe, wangekudanganya."

Tulifika. Mimi nilibaki kwenye njia panda nikishikilia baiskeli, Zuhura akaenda peke yake. Alikaa sana. Aliporudi alinipa daftari. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa kama wa mtoto. Kihenge ni kitupu tangu palizi. Michembe imekwisha. Wanachemsha majani, mara moja kwa siku. Chini kabisa ameandika: mtoto mmoja, miguu imevimba. Nyumba mbili zilizobaki zilikuwa vivyo hivyo.

Ng'ombe wao walikuwa wamekufa kwa kukosa maji, na mashamba yao wameyaacha kule walikohama. Nasi hatukujua, kwa sababu sisi ndio hasa tuliofichwa. Nani atamwonyesha mkwe mtarajiwa kihenge kitupu? Wazazi wangu wangesita kunipeleka kwenye nyumba yenye njaa. Kwa hiyo wao walificha kwa aibu, nami nikaandika uongo kwa aibu, na katikati ya aibu zetu mbili mtoto alikuwa anavimba miguu kwa njaa. Nililia pale njiani mpaka Zuhura akanishika bega.

Ripoti ilisahihishwa, kitongoji kikapanda juu ya orodha, mahindi yakafika. Mtoto yule alipona. Niliolewa kule mwaka uliofuata, na mama mkwe alikaa miaka mingi kabla hajanigusia jambo hilo. Tulikuwa tunapepeta mtama. Akasema, "Yule binti wa Nzega alinikuta nimekata tamaa. Sijui ni nani alimtuma." Ndipo nikamweleza kila kitu, na jinsi nilivyompa nusu kihenge cha mtama. Akaendelea kupepeta. "Ungeniletea basi," akasema.

Hilo nimeishi nalo, mwanangu. Mficha uchi hazai, na msomi anayeficha kukwama kwake hazai elimu, anazaa karatasi. Kituo hicho kilichokuandikia barua kina watu wake. Mlango utakaoshindwa kuupita, wapelekee habari siku hiyohiyo, hata kama sababu yake inakutia haya. Usilolijua liandike kwamba hulijui. Usimjazie mtu kihenge kwa kuwa unaijua nyumba yake kwa nje. Ukija kuwa mwalimu, msikilize anayekuletea aibu yake, usimkemee kwanza.

Nenda basi. Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kukiri. Akukutanishe na watu wa kukurudisha njiani ungali mapema, na kila nyumba utakayoingia, wenyewe washibe kwa kuwa ulipita.